Doa la Rangi ya Kucha

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelifungua kwa ajili ya ndoo. Ndoo yenyewe iko chini ya meza yangu ya kazi, imejaa maji machafu niliyoyachota mtaroni, na ndani yake nimesimamisha kipande cha bodi ya shaba, chembamba kama rula. Nataka kujua kitadumu siku ngapi. Nilipokuwa nafundisha umeme chuoni niliwaambia wanafunzi kila mwaka kwamba fundi asiyeandika ni mpiga ramli tu. Basi, mwalimu Sekela anaandika.

Kifaa ni king'ora cha mafuriko kwa nyumba za bondeni, huku kwetu Mtoni. Ile rula inasimama mtaroni, imeungwa kwa waya na bodi iliyo ukutani, nayo ina mistari mitatu ya shaba. Mstari mrefu unafika chini kabisa, nao ndio unaopeleka umeme majini. Bila huo, mingine miwili ni pambo. Maji ya mtaro yakigusa mstari wa kati, taa ya kijani inawaka ukutani mwa nyumba. Yakigusa ule mfupi wa juu, king'ora kinalia na watu wanakimbia. Mtaro ukipungua, taa inazimika. Hata mtoto wa chekechea anaelewa.

Bodi ya kwanza niliimaliza juzi, na ya pili, hii ya ndoo, jana. Mie nachora njia za umeme kwa rangi ya kucha, maana kalamu za wino zinabanduka kwenye dawa. Dawa inakula shaba yote isiyopakwa rangi, zinabaki njia zangu tu, kisha natoboa matundu na kuchomelea vipande kimoja kimoja. Kwenye ile ya kwanza, karibu na pembe, brashi ilinidondokea, pakabaki doa lenye umbo la punje ya haragwe. Nimeliacha. Halidhuru kitu, na wekundu wake haukuonekana tena nilipoisugua rangi, imebaki shaba tupu.

Jumanne, 4 Machi

Ndoo: taa inawaka. Mvua hakuna, joto la kumtoa nyoka pangoni.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji Revelian amepita akitoka kazini. Ni mume wa mdogo wangu Lusungu, na ni ofisa katika mradi mmoja wa tahadhari ya mafuriko. Wafadhili wao wanatafuta kifaa rahisi cha kufunga kwenye nyumba ishirini za bondeni kabla masika hayajakolea.

Nilimwonyesha. Nilichovya rula kwenye beseni, taa ikawaka. Nikazamisha zaidi, king'ora kikalia mpaka muuza chapati wa jirani akaja kuchungulia. Revelian alishika kichwa.

"Shem, wewe ni hatari! Nipe hii nikawaonyeshe wakubwa. Tunaandika majina yetu mawili, la kwako juu."

"La kwangu juu?"

"Sasa mie nimefanya nini? Mie si mdomo tu?"

Tulicheka. Nimempa bodi na rula yake na mchoro wote, nimevifunga kwenye kitambaa changu cha kanisani. Ya ndoo ni ya pili, imebaki. Nina miaka arobaini na mmoja, na sijawahi kutengeneza kitu ambacho mtu asiyenijua atakitumia. Nina furaha ya kijinga leo.

Jumapili, 9 Machi

Ndoo: inawaka. Padri amehubiri kwa muda mrefu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya kueleweka. Bi Wahiba ameniletea kaimati na tambi za futari, kama afanyavyo kila Ramadhani ingawa mimi si wa dini yake. Chumba hiki cha barabarani nakipanga kwake. Yeye mwenyewe anaishi kule chini, nyumba ya tatu kutoka mtaroni, na binti yake Munira na mumewe Mzee Hilal, ambaye tangu apate kiharusi hainuki kitandani na sauti yake imekuwa ndogo sana.

"Kile kidude chako cha maji," aliniuliza, "kitanilindia mzee wangu?"

"Kitakulindia, mama."

Ndoo: inawaka.

Jumatatu, 17 Machi

Ndoo: taa imezimika. Siku kumi na nne.

Nilidhani betri. Siyo. Nikapima bodi, nzima. Nikaitoa rula majini, nikaifuta kwa kitambaa, na hapo nikakaa chini. Mstari mrefu haupo. Umeliwa wote, zimebaki nyuzi za manjano za bodi na ukoko wa kijani. Umeme unaopita mfululizo kwenye yale maji umefanya kazi ileile ya dawa yangu, polepole tu. Na taa ikiwaka mchana na usiku, basi shaba inaliwa mchana na usiku.

Kibaya zaidi si kuharibika. Kibaya ni jinsi kinavyoharibika. Taa inazimika kama inavyozimika mtaro ukipungua. Mtu ataitazama na kusema maji yameshuka, salama. Kumbe kifaa kimekufa.

Nimempigia Revelian mara tatu. Hajapokea.

Ijumaa, 21 Machi

Dawa yake nimeipata, tena kwenye takataka. Ndani ya betri kuukuu za redio kuna kijiti cheusi cha kaboni. Kijiti hicho umeme hauwezi kukila kama unavyoila shaba. Nimekifunga mahali pa ule mstari mrefu, nimekichomelea waya, basi. Kazi ya dakika tano.

Nimemwandikia shemeji: "Kuna jambo kubwa kuhusu bodi. Nipigie." Akajibu: "Nipo kikaoni shem, nakucheki." Hajanicheki.

Jumatatu, 24 Machi

Ndoo, yenye kijiti: inawaka. Mvua. Simu ya Revelian inaita tu. Lusungu anasema yuko bize.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mwandiko wa leo ni mbaya, msomaji atanisamehe, yaani mimi mwenyewe.

Nilishuka asubuhi kwenda kumpa Bi Wahiba mkono wa Idd. Barazani, ukutani, kulikuwa na kisanduku cheupe kimefungwa vizuri, na taa ya kijani inawaka. Juu yake pameandikwa jina la mradi, na chini yake, kwa herufi ndogo safi: Mbunifu, R. Rwegasira. Ndilo jina la shemeji yangu.

"Wamefunga lini, mama?"

"Juzi Jumamosi. Nyumba zote ishirini. Tena nilidhani utakuja nao."

Nikaomba bisibisi. Munira akaniletea. Nilifungua mfuniko nikiwa bado najiambia kwamba labda wametengeneza chao, Dar ni kubwa na watu wenye akili ni wengi. Ndani kulikuwa na bodi ya kiwandani, kijani, inang'aa, kazi ya mashine. Njia zake za umeme zilikuwa zangu. Kona zangu za mviringo, maana mimi sijawahi kuchora kona kali. Na karibu na pembe, limechapwa kwa uaminifu wote kwa shaba ya kiwandani, doa lenye umbo la punje ya haragwe.

Mashine imenakili hata kosa langu. Waliopeleka bodi kunakiliwa hawakujua kipi ni njia na kipi ni doa.

Nilimwonyesha Bi Wahiba. Nilimwambia, mama, wewe ulikuwa unakaa kwenye kile kiti changu ukiniona nachora. Na wewe uko kwenye kamati ya mtaa iliyopitisha jambo hili. Hukusema?

Alirekebisha mtandio wake, akatazama mlangoni kama aliyetegemea mgeni mwingine.

"Nilisema, mwanangu. Nikaambiwa shemeji yako ndiye mwenye karatasi. Watu wa mradi wamekuja na gari, wanataka sahihi. Mimi nina mgonjwa ndani. Ningekataa kwa ajili ya jina?"

"Kwa ajili ya jina," nikarudia.

"Si kidude ni kilekile? Si kinalia?"

Hapo ndipo ningesema. Najua hivyo sasa hivi, nikiwa naandika. Ningesema kinalia leo, mama, kitakuwa bubu baada ya wiki mbili. Lakini nilikuwa bado kwenye lile neno lake la jina. Nilirudisha mfuniko, nikakaza skrubu zote nne, nikala pilau ya watu, nikaondoka.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda kwa Lusungu. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni Tukuyu wakati mama yuko shambani. Alikuwa anajua. Yeye ndiye aliyeipiga picha bodi yangu juu ya kitambaa changu cha kanisani, kwenye meza yao ya kulia chakula.

"Dada, wewe hujui kuongea na watu," alisema. "Wangekuita ofisini ungewafokea. Revelian angalau anajua kukaa na wakubwa. Na amepandishwa cheo. Sie wote si familia?"

"Jina langu lingewapunguzia nini?"

"Dada jamani. Doa moja tu la rangi ya kucha unalilia hivyo?"

Kumbe alilijua hata doa. Kikulacho ki nguoni mwako; nilikuwa nawaandikia wanafunzi ubaoni kama utani wa somo la kutu, sikujua kwamba itakuja kunisoma.

Ijumaa, 4 Aprili

Uzinduzi, uwanja wa shule. Hema, viti vyenye vitambaa, mvua inapiga turubai. Revelian amevaa suti ya bluu. Alisema kwamba wazo lilimjia akiwa anamtazama bibi mmoja akitoa maji sebuleni kwa kopo. Watu wakapiga makofi. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na spika.

Baadaye nilimfuata. Naapa nilikwenda kumwambia habari ya shaba. Aliniona, tabasamu likamganda, akanishika mkono na kunivuta nyuma ya gari.

"Shem, nakuomba. Usinitie aibu mbele ya wageni. Tutayamaliza nyumbani."

"Sikuja kwa hilo. Ile rula..."

"Nyumbani, shem! Nakuja mwenyewe wiki hii, tunakaa, tunaongea. Mie siwezi kukusahau wewe."

Huyo ndiye Revelian, anauma na kupuliza. Nikamtazama akirudi kwenye hema huku akipangusa mikono, nikasema moyoni: haya. Utakuja. Na ukija kuniuliza, nitakwambia. Usipokuja, basi shaba na ikusemee.

Nimehesabu. Walifunga tarehe 29 Machi. Ongeza siku kumi na nne.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Siku ya tisa. Hajaja.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Siku ya kumi na moja. Hajaja. Nimetengeneza feni ya muuza chapati na nimemfokea bure.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Hajaja. Lusungu amenitumia picha ya Revelian akipokea cheti, ikifuatiwa na alama ya moyo. Nimeifuta.

Nataka niandike ukweli, maana daftari hili halina msomaji wa kumwonea haya: nafurahia kuhesabu. Kila asubuhi naamka nikiwa na hamu ya siku mpya kama mtoto anayesubiri sikukuu. Nimemwona moyoni akisimamishwa mbele ya wakubwa wake na zile taa zilizozimika. Nimemwona akija hapa mlangoni bila suti.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nilitoka kanisani na tawi langu mkononi, nikashuka bondeni bila kuwa na shughuli yoyote huko. Nyumba ya kwanza, taa imezimika. Ya pili, imezimika. Kwa Bi Wahiba, imezimika.

Alikuwa anakuna nazi barazani. "Umeona, mwanangu? Taa imezima. Alhamdulillahi, maji yameshuka."

Nilitazama mtaroni. Maji yalikuwa palepale, juu ya mstari wa kati, yanatiririka na chupa za plastiki. Ni hatua kumi na tano kutoka pale alipokaa. Angesimama angeyaona. Lakini kwa nini asimame? Kuna taa. Niliitengeneza mimi ili asiwe anasimama.

Ndani Mzee Hilal alikohoa.

Nikasema, "Haya, mama. Kwaheri," nikapanda zangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikulala vizuri. Nimepasua betri kuukuu, nimetoa vijiti ishirini, nimevisugua kwa msasa, nimechomelea waya kila kimoja. Vyote vimeenea kwenye kopo la maziwa. Kesho nitashuka navyo. Sitasema ni vya nani. Nitawafungia tu.

Jumanne, 15 Aprili

Mteja wa televisheni amenichelewesha. Na pia, kwa nini niende mimi? Mbunifu si yupo? Kesho.

Jumatano, 16 Aprili

Kopo liko mezani.

Alhamisi, 17 Aprili

Kopo liko mezani. Mvua imekatika. Nimeona hakuna haraka.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kulikuwa na jua. Ndicho kitu ninachotaka kukiandika kwanza. Jua kali la saa nne asubuhi, nguo zimeanikwa, mimi napiga pasi gauni jeusi la ibada. Mvua ilikuwa imenyesha kule vilimani usiku, siyo kwetu.

Nilisikia kelele. Nikatoka mlangoni na pasi mkononi, nikasimama, nikasikiliza. Sikuwa nasikiliza kelele za watu. Nilikuwa nasikiliza ving'ora. Ishirini. Hakikulia hata kimoja.

Nilikimbia na kopo langu la maziwa. Sijui nilidhani nitafanya nalo nini. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamefika kiunoni kwenye nyumba za chini, yanazunguka na masufuria na kandambili. Mlango wa Bi Wahiba ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kufuli. Godlisten, kijana wa bodaboda anayeishi nyuma yao, alikuwa anaupiga teke.

"Mzee yumo ndani!" alinipigia kelele. "Peke yake!"

Mlango ulipovunjika tuliingia. Kitanda ni kizito, cha mninga, hakikuelea. Maji yalikuwa yamefika kidevuni mwa Mzee Hilal. Alikuwa ameinua uso wake kuelekea dari na mdomo wazi, na mdomo ulikuwa unafanya kazi, lakini sauti haikutoka. Alikuwa anaita. Sijui aliita kwa muda gani kwa sauti ile.

Tulimlaza juu ya mlango uleule uliovunjwa, Godlisten kichwani, mimi miguuni. Jicho lake moja lilinitazama njia nzima.

Tulipofika barabarani, Bi Wahiba alikuwa anakuja mbio kutoka sokoni, kapu la samaki limemwagika, Munira nyuma yake. Alijitupa juu ya mumewe. Maneno yake aliyarudia mara nyingi, kwa Godlisten, kwa majirani, kwangu: "Taa ilikuwa imezima. Nilitazama kabla sijatoka. Wallahi nilitazama. Taa ilikuwa imezima."

Mzee amelazwa. Mapafu yameingia maji. Kopo sikumbuki nililiacha wapi. Munira ameniletea jioni, vijiti vyote vimo. Hakuuliza ni vya nini.

Jumamosi, 19 Aprili

Kikao, ofisi ya mtaa. Watu wamejaa mpaka uani, wengine na matope miguuni. Hakuna aliyekufa, lakini hasira ni ya msiba. Mwenyekiti wetu Valerian alishindwa kuwanyamazisha. Kisanduku kimoja kilikuwa mezani, kimefunguliwa.

Revelian alikuja, bila suti. Ile picha niliyoisubiri wiki tatu, nikaipata. Jasho linamtoka, macho yanatafuta mlango. Bi Wahiba alisimama, akamwuliza mbele ya wote, "Wewe ndiye mbunifu. Tuambie kwa nini hakikulia."

Na Revelian akainua mkono akanionyesha mimi.

"Ndugu zangu, mie si fundi. Mie nilileta tu. Bodi hii ameibuni shemeji yangu, mwalimu Sekela, yule pale. Kila kitu ni kichwa chake. Kama mnabisha, angalieni hapa pembeni." Akaweka kidole. "Hili doa. Ni rangi yake ya kucha. Bodi aliyonipa ina doa hilihili. Mke wangu shahidi."

Lusungu, amesimama kando ya dirisha, akatikisa kichwa kukubali.

Tangu Idd nilikuwa nasubiri mtu aliseme hilo mbele ya watu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yenyewe, karibu kwa mpangilio uleule. Amenipa jina langu lote, bila kubakiza hata herufi, siku ambayo halina thamani.

Watu waligeuka kunitazama. Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba alinakili bodi ambayo haijakamilika. Kwamba nilimpigia simu. Kwamba alinivuta nyuma ya gari. Yote ni kweli, na nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Bi Wahiba akaniwahi. Hakupaza sauti.

"Siku ile ya Matawi ulikuja kwangu. Nikakwambia taa imezima. Ukatazama mtaroni, nilikuona. Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Revelian angesema hivyo, tena kwa ufasaha.

"Nilijua, mama."

"Ukaniambia haya."

"Nikakwambia haya."

Akakaa. Hakuna aliyenigusa wala kunitukana. Walinipisha njia nilipotoka.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nimeshuka na kopo. Nyumba moja moja, na bisibisi na kijiti. Kazi ya dakika tano, kama nilivyoandika mwezi uliopita. Wengine walisimama juu yangu wakinitazama mikono. Mwanamke mmoja aliniuliza kama leo pia kuna kitu nakijua na sisemi. Nikamwambia hakuna. Sidhani aliniamini.

Kwa Bi Wahiba godoro la mzee lilikuwa limeanikwa ukutani, na alama ya maji iko juu kabisa karibu na mshono. Alifungua mlango mpya wa mbao mbichi, akanipisha bila salamu. Nilimwamkia. Aliitikia, maana shikamoo haiachwi hewani.

Nilifunga kijiti. Nikazamisha rula. Taa ya kijani ikawaka.

"Na hii sasa," alisema, "nitaiamini vipi?"

Nilikuwa na jibu la kifundi. Kaboni hailiki kama shaba, ndoo yangu inawaka tangu tarehe 21 Machi, mwezi mzima leo. Sikulitoa.

"Usiiamini, mama," nikamwambia. "Simama utazame maji."

Akanifungulia mlango nitoke. Nyumba nne hazikunifungulia kabisa, na vijiti vinne viko hapa mezani.